Mama Spoki, Aliyepima Nyasi za Mteremko wa Tatu

Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2022, kulipambazuka bila wingu hata moja. Mvua ilikuwa haijagusa ardhi tangu Mei, upepo ulikuwa mkavu wa kupasua midomo, na vumbi la barabara ya mgodi lilifika kabla ya gari lenyewe. Siku hiyo marehemu, akiwa amekwisha kustaafu, alipanda Mteremko wa Tatu akishikwa mkono na mumewe, akaketi kwenye kiti cha kukunja. Alikwenda kushuhudia kipimo cha mwisho. Nyasi zikitosha, familia zilizohamishwa kupisha mgodi zingerudishiwa ardhi yao. Zisipotosha, zingesubiri tena. Aliyeshika kifaa cha kupimia kwenye mstari wa kwanza hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amezungumza naye zaidi ya salamu. Ili siku hiyo ieleweke, inabidi maisha yake yasomwe tangu mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1961 kwenye mteremko huohuo, enzi hizo ukiwa haujaitwa wa Tatu wala wa ngapi. Ulikuwa mteremko tu, wenye nyumba chache, njia ya kuendea mtoni na nyasi zilizomzidi mtu mzima kimo. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa fundi baiskeli. Mama yake alikata nyasi: za kuezekea aliziuza kwa mafungu, na za fagio alizifunga akaenda kukaa nazo sokoni. Mama huyo hakuwa na majina mengi ya nyasi. Kwake kulikuwa na ya paa, ya fagio, ya kutagia kuku, na ile isiyofaa kitu, ambayo, alikuwa akisema, "kama ilivyo kwa wasiofaa wote, ndiyo iliyojaa." Marehemu alijifunza kutembea ameshika upindo wa nguo ya mama yake katikati ya nyasi hizo, na alisema kwamba kitu cha kwanza anachokikumbuka duniani si sura ya mtu, ni sauti ya nyasi za fagio zikisuguana kwa upepo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza 1974. Baba yao alifariki mwaka 1973, akazikwa kwa wazee wake, safari ya siku mbili kutoka hapo. Kaka yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minane, aliacha masomo akarithi sanduku la spana, ili dada asome. Sekondari ilikuwa ng'ambo ya mto. Kila asubuhi, kuanzia 1975 hadi 1978, kaka alimpakia dada yake kwenye baiskeli akampeleka. Alikuwa na msemo wake: "Ukifeli, utarudi kwa miguu yako." Asubuhi ya mtihani wa mwisho wa hesabu mnyororo ulikatika katikati ya safari. Marehemu alitaka kushuka. Kaka akamkataza, akaishika baiskeli kwenye usukani, akakimbia akiisukuma na dada yake akiwa juu, daftari limefunguliwa mapajani. "Wewe soma," alimwambia, "miguu ni yangu." Marehemu alifaulu vizuri hesabu na jiografia. Masomo mengine, alikiri mwenyewe, yalimpita mbio wakiwa njiani.

Mwaka 1980 mgodi ulifunguliwa na mteremko ukahamwa. Mama alipewa vyumba viwili mjini, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi. Sakafu ilikuwa ya saruji na dirisha lilitazama ukuta wa ghala. Alifagia saruji ile kwa mafagio aliyokuja nayo mpaka yakabaki vishina. Aliponunuliwa fagio la plastiki alifagia nalo mara moja, akalisimamisha pembeni. "Hili halisemi kitu," akasema. Ahadi ya mgodi ilikuwa kwamba mashimo yakishachimbwa yatafukiwa, udongo wa juu uliowekwa kando utarudishwa, nyasi zitapandwa, na nyasi zikitosha wenyewe watarudi. Kaka aliajiriwa kuendesha greda, na jina hilo likamganda mpaka leo. Mama alikuwa na swali moja kwa watoto wake wote wawili kila walipoingia mlangoni, kabla hata hawajaketi: "Narudi lini kwangu?"

Marehemu aliajiriwa kwenye kitalu cha miche cha mgodi mwezi Februari 1981, akijaza udongo kwenye vifuko. Miaka mitano baadaye mkuu wa kitengo cha mazingira, mtaalamu wa mimea, mtu mpole mwenye kupenda chai, alihitaji mtu wa kupima nyasi kwenye miteremko iliyofukiwa. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wakirusha fremu ya mbao kwa nyuma, bila kutazama, kisha wanapima kilichoota ndani yake. Tatizo ni kwamba fremu ilipoangukia penye nyasi, wote walikubali. Ilipoangukia penye mawe, kelele zilianza: "Hiyo haihesabiki, imeteleza!" "Upepo huo!" "Rusha tena, bwana, mkono wako una nuksi!" Mkuu alikusanya fremu zote akazitia stoo. Akaleta njia nyingine. Futi ndefu ya kitambaa inavutwa kati ya vigingi viwili, na kila baada ya nusu mita kifimbo chembamba cha chuma kinashushwa wima mpaka chini. Kinachoguswa kwanza na ncha ndicho kinachoandikwa. Kisha matokeo yanalinganishwa na mlima wa jirani ambao haukuchimbwa. Mteremko ukiwa na nyasi zinazokaribia za mlima ule, kiangazi, kwa miaka miwili mfululizo, unahesabiwa kuwa umepona.

Vifimbo vilivyoagizwa vilichelewa kufika. Marehemu alifungua sanduku la marehemu baba yake, akatoa spoki ya baiskeli, akainoa ncha kwenye jiwe, akaja nayo kazini. Vifimbo vya kuagizwa vilipowasili hakuna aliyevitaka. Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mama Spoki, na aliitwa hilo zaidi kuliko jina lolote alilopewa na wazazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuita kwa sauti. Anashusha spoki, anaita, na mwandishi aliye mwisho wa futi anarudia na kuandika. "Jani!" "Kavu!" "Jiwe!" "Tupu!" Jani kavu lililosimama nalo lilihesabiwa pamoja na yaliyo hai, maana linazuia mvua isiupige udongo. Tupu ilikuwa tupu. Mahali pa kuvuta futi hapakuchaguliwa na mtu. Palitoka kwenye soksi yenye vifuniko vya soda vilivyoandikwa namba, na yeyote aliyekuwapo aliweza kuingiza mkono. Aliwafundisha vijana wengi kazi hiyo na alianza na jambo moja kwa kila mmoja: "Mwamba ngoma huvutia kwake, na mshika spoki huvutia kwenye kijani. Hutaki, lakini mkono unataka. Kwa hiyo jicho litazame alama ya futi, lisitazame chini. Spoki ikifika, ndipo utazame imegusa nini."

Mwandishi wake wa kwanza alikuwa karani wa kitengo. Walifanya kazi pamoja misimu miwili yeye akiita na karani akiitikia, mpaka siku moja ya mwaka 1987, futi ikiwa imevutwa, karani alisema kutoka upande wake: "Nimepima nyumbani kwangu jana. Kona zote nne: tupu."

Marehemu hakuinua kichwa. "Umepima msimu gani?"

"Misimu yote."

"Mstari mmoja hautoshi. Rudia."

Karani alirudia wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, akipeleka taarifa kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, mpaka dereva wa gari la kitengo akachoka: "Mama Spoki, mkubalie huyu bwana ili turudi nyumbani mapema." Walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1988. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana, ambao walikua wakidhani kila nyumba duniani watu huita "Tupu!" wanapofunua sufuria, na mtu mwingine akaitikia kutoka chumba cha pili.

Mteremko wa Tatu ulifukiwa mwaka 2000. Greda mwenyewe ndiye aliyeurudishia udongo wa juu, na alijivunia kwamba hakuna aliyeusawazisha udongo kama yeye. Nyasi zilipandwa, ukame ukazila, zikapandwa tena. Mwaka 2008 mteremko ulifaulu kwa mara ya kwanza. Ilibaki mwaka mmoja. Mama alikuwa amepita miaka themanini na miguu ilikuwa imeanza kumwacha. Greda alikuwa ameshatafuta mabati.

Kipimo cha pili kilifanyika mwezi Oktoba 2009, spoki mkononi mwa marehemu. Mteremko ulifaulu, kwa upenyo wa sindano. Wafanyakazi walipiga makofi. Ndani ya gari, wakishuka, mumewe alimwona anakigeuza kiganja cha kulia juu ya goti kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mstari mmoja ulikuwa umepita mkabala na mwamba mweupe wa mlima wa jirani, na mwamba ule ndio uliokuwa ukionekana zamani kutoka mlangoni kwa mama. Marehemu alikuwa ametazama chini. Alikuwa akitafuta mahali nyumba ilipokuwa, na spoki ilikuwa ikienda lilikokwenda jicho. Si mara moja.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mkuu.

"Mzee, naomba kipimo cha jana kirudiwe."

"Kimefaulu. Kirudiwe kwa nini?"

"Kimefaulu kwa mkono wangu, na mkono ulivutia kwake."

Mkuu alimimina chai, akaiacha ikapoa. "Unajua kikirudiwa kinaweza kuanguka?"

"Najua, mzee."

"Na mama je?"

"Mama yuko kwenye chumba kilekile."

Kilirudiwa na mtu mwingine, kwa namba mpya za soksi. Kilianguka, na si kwa mbali. Miaka miwili ilibidi ihesabiwe upya tangu mwanzo.

Greda alizipata habari karakana, akaja na buti zake za kazini mpaka sebuleni kwa dada yake. "Umesema mwenyewe? Hakuna aliyekuuliza, ukaenda kusema mwenyewe?"

"Kaka, spoki ilikuwa inalala upande."

"Ililala kiasi gani? Kidole? Nusu kidole?"

"Nusu kidole inatosha."

"Mimi nilikusukuma kwa baiskeli sikupima nusu kidole!" Alisimama hapo akihema. "Watu husema damu nzito kuliko maji. Kwako wewe, waya mzito kuliko damu."

Marehemu alikwenda mwenyewe kumwambia mama. Mama alikuwa ameketi kitandani, ametandika vizuri, mfuko wake wa nguo uko miguuni. "Kwa hiyo bado?" aliuliza. "Bado, mama." Mama akasema, "Sawa, mwanangu," akajilaza akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakuuliza tena lini. Marehemu alisema kwamba ingekuwa afadhali angeendelea kuuliza.

Mama alifariki katika chumba hicho tarehe 19 Agosti 2011, na akazikwa hapa, kwenye makaburi ya mji. Watu walipokuwa wanatawanyika kaka alimwambia dada yake maneno machache: "Mama amelala ugenini. Nadhani sasa hesabu imekaa sawa." Kisha hakumsemesha tena. Walisalimiana, hujambo, sijambo, kwa ajili ya watu. Kwenye sherehe walikaa chumba kimoja wakatumiana watoto. "Mwambieni mama yenu chumvi iko huku." "Mwambieni mjomba nimeiona." Watoto walicheka utotoni. Walipokua waliacha kucheka.

Familia haikukubaliana juu ya jambo hili. Wapo wanaosema mteremko ungepita tu na mama angekufa kwake, na nani angejua. Wapo wanaosema watu wangerudi juu ya udongo usio na kitu cha kuushika. Marehemu hakubishana na upande wowote. Kila alipoulizwa alijibu hivi: "Nililiona jani, na spoki haikuwa hapo."

Mgodi ulibadilisha wamiliki mara mbili katika miaka iliyofuata. Kuna misimu ambayo uzio ulianguka na mbuzi wakaingia. Marehemu alipima, mteremko ukaanguka, akapima tena. Mwaka 2018 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kikombe kikigonga kisahani, na mumewe akidhani anaitwa. Daktari alisema ni maradhi ya mishipa ya fahamu na kwamba hayatarudi nyuma. Mwaka uliofuata alimkabidhi spoki msichana mmoja kati ya vijana aliowafundisha kazi, ambaye ndiye mpimaji wa sasa. "Spoki inayotetemeka," alimwambia, "hugusa majani yote njiani. Itawapa watu nyasi ambazo hazipo." Alistaafu rasmi mwezi Juni 2021. Oktoba ya mwaka huo mteremko ulifaulu bila yeye. Ikabaki tena mwaka mmoja.

Tunarudi sasa kwenye ile Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 2022. Ili pasiwe na manung'uniko, waliohamishwa walitakiwa kumteua mtu wao ashike spoki kwenye mstari wa kwanza. Walimteua Greda, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu walijua mkono wake unavyoutaka mteremko ule. Mama mmoja aliingiza mkono kwenye soksi akatoa kifuniko. Futi ilivutwa. Ilipita mkabala na mwamba mweupe.

Greda alianza vizuri, akiita kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. "Jani! Jani! Kavu! Jani!" Watu walianza kutabasamu. Alipofika mkabala kabisa na mwamba alisimama. Marehemu, kwenye kiti chake, alijua kwa nini. Hapo, udongo ukiwa juu zaidi au chini zaidi, ndipo lilipokuwa jiko la mama. Kaka aliishusha spoki. Ilitua kwenye udongo. Kando yake, karibu mno, kulikuwa na shina la nyasi za fagio, ambazo hakuna aliyezipanda. Zilikuwa zimekuja zenyewe. Kila aliyekuwa karibu aliliona. Kaka akainua macho akamtazama dada yake. Dada hakumtazama. Alikuwa ametazama alama ya futi, mkono wake wa kulia ukitetemeka chini ya wa kushoto.

"Tupu," Greda akasema.

"Umesemaje, mzee?" mwandishi akauliza kutoka mwisho wa futi.

"Nimesema tupu! Masikio umeyaacha nyumbani? Andika!"

Akaendelea mpaka mwisho wa mstari. Jioni, mistari yote ilipojumlishwa, mteremko ulikuwa umefaulu, na safari hii si kwa upenyo wa sindano. Watu walishangilia, wengine wakakaa chini wakalia. Greda alishuka taratibu mpaka kwenye kiti cha dada yake, spoki bado iko mkononi.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Hiki kiwaya ni kizito."

"Ni spoki tu, kaka. Ni ya baba."

"Ni kizito," akarudia, akampa.

Baada ya hapo ndugu hawa wawili walipata mwaka mmoja na miezi michache ya kuzungumza. Waliitumia yote. Mumewe alilalamika kwamba shemeji yake amehamia jikoni kwake na kwamba chai ya nyumba nzima inakwisha kwa watu wawili. Waliohamishwa walianza kurudi kwenye mteremko mwaka 2023. Greda alikuwa wa kwanza kuinua ukuta, na alitenga pembeni mahali pa kuzika, akisema wazi kwamba dada yake atalala hapo, juu, siku yake ikifika, maana hakuna aliyeulipia mteremko ule zaidi yake. Marehemu alikataa. "Mama sikumrudisha," alisema. "Siwezi kumtangulia nyumbani. Nitalala alipolala yeye." Kaka alimbembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Ndiyo sababu leo tumekusanyika kwenye makaburi ya mji na si kule juu, na ndugu na majirani waliouliza tangu jana wapokee maelezo hayo. Ni neno lake mwenyewe.

Mwezi Januari 2024 alianguka bafuni, na baada ya hapo hakuinuka vizuri. Kifua kilimbana. Alilazwa hospitali tarehe 26 Februari. Mumewe alikaa kando ya kitanda kila siku, na walipoishiwa na maneno walirudi kwenye yale ya zamani. Kikombe kilipokwisha maji alisema, "Tupu," na mumewe akaitikia, "Tupu," akajaza. Siku ya mwisho mumewe aliuchukua mkono wake, ambao siku hiyo ulikuwa hautetemeki sana, akamuuliza kwa utani, "Mama Spoki, jani au kavu?"

Alifikiri kidogo, kama alivyofikiri kwa kila nukta ya maisha yake. "Kavu," akasema. "Lakini limesimama."

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa mbili asubuhi, wauguzi wakipokezana zamu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, na mkuu wake wa zamani wa kitengo, ambaye licha ya uzee wake alikuja hospitali mara tatu na chupa ya chai.

Ameacha mume, karani wake wa tangu siku ya kwanza. Ameacha kaka mmoja, ambaye hakuweza kusoma wasifu huu ingawa aliombwa, na wifi yake. Ameacha binti, mwalimu wa watoto wadogo, na mkwe wake. Mtoto wa kiume, fundi wa majokofu, na mkewe. Na wajukuu wanne, ambao mdogo wao jana alifunua sufuria jikoni akaita, nyumba nzima ikanyamaza, mpaka babu yake alipomwitikia. Ameacha pia yule mpimaji aliyemfundisha, ambaye spoki iko kwake na itabaki kwake.

Mama Spoki amefika mwisho wa mstari wake. Mungu amlaze kwa amani, na mkono wake sasa utulie.

Kabla hatujamteremsha, mumewe ameomba lisomwe jambo moja zaidi, kuhusu siku iliyofuata baada ya kile kipimo cha mwisho. Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 2022, kulikuwa kukavu vilevile. Asubuhi, watu wakiwa bado wamelala kwa uchovu wa furaha, sauti ya Greda ilisikika mlangoni, "Hodi humu!", bila kutumwa mtoto. Marehemu alikuwa ameshavaa viatu. Alitoa kopo la maziwa lililojaa mbegu za nyasi za fagio, alizozikusanya yeye na mumewe mwezi Mei kwenye mlima wa jirani, na wakapanda wote watatu mpaka mkabala na mwamba mweupe. Penye ile tupu alipiga magoti. "Shika kopo, kaka," alisema, "mkono huu haufai tena kwa kitu." Akachota, akanyoosha mkono, na mkono ukatetemeka, na mbegu zikadondoka huku na huku, nyepesi, sawasawa, hakuna zilipolundikana wala zilipokosekana. Greda aliziangalia zilivyotua. "Hata greda haisawazishi hivyo," akasema, na marehemu akacheka mpaka ikabidi ashikwe asianguke. Kisha akajipangusa magoti, akafunika kopo lililobaki nusu, akasema twendeni mjini. Alikuja hapa. Alizimwaga zilizobaki zote juu ya kaburi la mama yake, kwa mkono uleule. Ndizo hizo zilizosimama hapo kando yetu, zinazosikika upepo ukipita.